Jordan 191, gari lililoanza kazi saa mbili asubuhi

Mwaka 1991 mbio za magari ya langalanga zilikuwa na magari mengi kuliko nafasi. Timu 18 ziliandikisha magari 34, ilhali Jumapili ya mbio yalitakiwa kuanza 26 tu. Kanuni za wakati ule hazikuruhusu hata magari yote 34 yawanie nafasi hizo pamoja. Mwisho ulikuwa 30. Ikabidi wapatikane wa kupunguzwa, na mzigo huo wakatwishwa wageni pamoja na wale waliovuna kidogo misimu ya nyuma. Hao walifika uwanjani Ijumaa kukiwa bado na umande. Saa mbili kamili asubuhi magari yao manane yalifunguliwa njia, yakapewa saa moja. Manne yenye kasi yalibaki. Manne mengine, ikifika saa tatu, yalikuwa yanarudishwa kwenye malori, na madereva wake hawana kazi tena hadi mbio zinazofuata.

Kwa msomaji aliyekulia kando ya barabara za Safari Rally, ambako gari linaweza kushika mkia siku nzima na bado likapigiwa makofi likipita, ukatili wa saa ile moja si rahisi kuuelewa. Hapakuwa na muda wa kujirekebisha. Ukikosea gia mara moja, ukamkuta mwenzako amesimama katikati ya kona, au kifaa cha bei ndogo kikakatika, gharama zote za kuvusha gari na watu bahari zimekwenda na maji. Mdhamini aliyenunua ubavu wa gari lako amelipia tangazo ambalo televisheni hazitalionyesha, kwa sababu saa hiyo kamera zenyewe hazijawashwa.

Katika kundi hilo la asubuhi ndimo ilimoingia timu ya Jordan kutoka Silverstone, Uingereza, Machi 1991, ikiwa na gari la kijani ambalo hadi leo wapenzi wengi wa mchezo huu hulitaja mapema wakiulizwa ni lipi lililopendeza kuliko yote. Nami nalitaja la kwanza. Ila naona tunalikumbuka kwa jambo lisilo lake. Siku hizi likitajwa, linatajwa kama gari la kwanza la Michael Schumacher, ambaye hakumaliza nalo hata mzunguko mmoja wa mbio. Msimu wenyewe waliubeba wengine, na wengi wao wamesahaulika.

Mwenye timu, Eddie Jordan, alikuwa mzaliwa wa Dublin, Ireland, na aliwahi kuwa mfanyakazi wa benki. Udereva wake haukumfikisha mbali. Alichojaliwa ni jicho la kuona vipaji vya wengine, na ulimi wa kuwashawishi wenye fedha wavilipie. Mwaka 1983 dereva wake Martin Brundle alimhenyesha Ayrton Senna msimu mzima katika Formula 3 ya Uingereza. Mwaka 1989 Jean Alesi akampatia ubingwa wa Formula 3000, ngazi moja tu chini ya kilele. Jordan akaamua kupanda hiyo ngazi ya mwisho wakati ambao timu ndogo zilizokuwa huko juu zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine kwa madeni.

Kazi ya kulibuni gari alimpa Gary Anderson wa Ireland Kaskazini, mtu aliyeanzia kwenye spana. Miaka ya 1970 alikuwa makanika wa Brabham na McLaren, kwa hiyo alipokaa mezani kuchora alijua tayari ni nati ipi itakayomkata fundi vidole saa nane za usiku. Alisaidiwa na vijana wawili, Andrew Green na Mark Smith. Basi. Mmoja akihangaika na springi, mwingine na giaboksi, Anderson mwenyewe na umbo la gari zima. Wakati huohuo McLaren, Williams na Ferrari walikuwa na vyumba vilivyojaa wachoraji, kila mmoja na kipande chake.

Uchache ule, kwa maoni yangu, ndio uliolipa gari uzuri wake. Hapakuwa na mtu wa kubishana naye, wala fedha za kujaribia mambo matatu na kuchagua moja. Kila mstari ulichorwa na mtu aliyeyajua magari mazima. Pua iliinuliwa, na bawa la mbele likaning'inia chini yake kwa kuinama kidogo. Mbavu zilibanwa. Nyuma, chini ya giaboksi, sakafu ilipanda juu ili hewa iliyoingia chini ya gari itoke kwa nguvu. Hewa hiyo ikipita kwa kasi chini ya sakafu hulinyonya gari kuelekea lami, likashika kona bila kuhitaji mabawa makubwa yanayolirudisha nyuma kwenye sehemu zilizonyooka. Mbele gari lilikuwa na shokapu moja badala ya mbili: uzito pungufu, vipande pungufu vya kununua. Leo wahandisi hutumia kompyuta kubwa kufikia maumbo ambayo hayavutii macho hata kidogo. Anderson na vijana wake waliifikia kasi na uzuri kwa pamoja, na hilo halitokei mara nyingi.

Injini ilikuwa Ford-Cosworth HB, V8 ya lita 3.5. Honda ya McLaren na Ferrari zilikuwa na silinda 12, Renault ya Williams 10. Kwa nguvu tupu, Jordan hakuwa na la kusema. Lakini V8 ile ilikuwa fupi, nyepesi na haikula mafuta mengi, kwa hiyo gari lilianza mbio likiwa na mzigo mdogo. Jordan aliinunua kwa fedha zake, toleo la wateja. Toleo jipya zaidi lilikuwa mikononi mwa Benetton, timu iliyokuwa mshirika rasmi wa Ford. Jina hilo la Benetton msomaji aliweke akilini. Kampuni ya sigara ya Camel, iliyomdhamini Jordan kwenye Formula 3000, nayo mwaka huo iliandika jina lake kwenye magari ya Benetton.

Novemba 1990, John Watson, dereva mkongwe wa Ireland Kaskazini, alilitoa gari nje kwa mara ya kwanza pale Silverstone. Halikuwa na rangi. Lilikuwa jeusi la nyuzi za kaboni tupu, na liliitwa Jordan 911. Porsche wakaja juu, kwa kuwa namba hiyo ni ya gari lao maarufu, nayo namba ikageuzwa kuwa 191. Inasimuliwa kwamba Jordan hakukubali kubadili bure, bali alijipatia Porsche moja kwa usumbufu. Kwa jinsi alivyojulikana, sioni sababu ya kutoamini. Akaenda kubisha hodi kwa wenye soda ya 7Up, akawapata na Fujifilm, na kwa kuwa kampuni hizo mbili zina rangi ya kijani, na Ireland ni kijani, gari likavaa rangi ambayo lingefaa kuivaa hata lisipolipwa senti.

Madereva walikuwa wawili. Bertrand Gachot, mzaliwa wa Luxembourg, aliyevaa helmeti yenye nyota za Ulaya kwa sababu hakutaka kuhesabiwa wa nchi moja. Na Andrea de Cesaris wa Roma, aliyekuja na fedha za Marlboro na sifa mbaya. Mwaka 1981 akiwa McLaren alikuwa ameyavunja magari mengi hata Waingereza wakambandika jina la utani la kugongagonga. Muongo mzima alikuwa akihama timu hadi timu bila kushinda mbio hata moja, na msimu wa 1990 aliumaliza bila pointi. Wengi walimchukulia kama mtu anayelipiwa ili aendeshe.

Mbio za kwanza, Phoenix, Marekani, zilionekana kuwathibitishia. Katika ile saa moja ya Ijumaa De Cesaris alikosa gia, injini ikazunguka kupita kiasi na kufa. Akawa nje hata kabla jua halijapanda. Gachot alipita, Jumapili akahesabiwa wa 10. Brazil akawa wa 13. San Marino hakuna aliyefika mwisho, Monaco Gachot akawa wa nane. Hesabu za Jordan zikawa zinasoma sifuri, na kila baada ya wiki mbili, saa mbili asubuhi, mchujo uko palepale unawasubiri. Sifa moja ilikuwa imeanza kuonekana: baada ya Phoenix, mchujo haukulishinda tena gari lile. Mafundi walikuwa wanaanza Ijumaa yao kwa saa ya hatari, kisha wanalifungua gari, wanalifunga upya na kuendelea na ratiba ya kawaida kama wenzao waliolala hadi saa tatu.

Montreal, tarehe 2 Juni, siku mbili baada ya De Cesaris kutimiza miaka 32, mambo yalifunguka. Mbio zile zinakumbukwa kwa Nigel Mansell, aliyekuwa anaongoza hadi mzunguko wa mwisho, akiwa ameshaanza kuwapungia watazamaji, gari likamzimikia. Nelson Piquet akapita kuchukua ushindi, Stefano Modena wa Tyrrell wa pili, Riccardo Patrese wa tatu. Nyuma yao yakaja magari mawili ya kijani yakifuatana: De Cesaris wa nne, Gachot wa tano. Mansell mwenyewe aliandikwa wa sita. Timu iliyokuwa na mbio nne tu mgongoni ilipata pointi tano kwa alasiri moja.

Wiki mbili baadaye, Mexico, De Cesaris akawa wa nne tena. Katikati ya mbio hizo na za Ufaransa, Gachot alikwenda Le Mans, akashinda saa 24 akiwa na Johnny Herbert na Volker Weidler ndani ya Mazda, ushindi wa kwanza wa kampuni ya Japani katika mashindano yale. Ufaransa De Cesaris wa sita. Silverstone, nyumbani, Gachot wa sita, na De Cesaris akatoka salama kwenye ajali mbaya. Nusu ya msimu ilipokwisha, pointi zilihesabiwa upya na Jordan akaondolewa kwenye mchujo. Ujerumani timu ilianza Ijumaa kwa saa za watu wote, na ikajibu kwa nafasi ya tano na ya sita.

Hungary, tarehe 11 Agosti, Gachot alimaliza wa tisa, lakini mzunguko wenye kasi kuliko yote wa mbio nzima ulikuwa wake. Si Senna, si Mansell, si Prost. Lilikuwa gari la injini ya kununua, lililochorwa na watu watatu.

Siku chache baadaye Gachot alikuwa gerezani.

Desemba 1990 aligombana na dereva wa teksi jijini London baada ya magari yao kugusana, akampulizia gesi ya machozi ya kopo. Gesi hiyo ilikuwa marufuku Uingereza. Mahakama ilimpa kifungo cha miezi 18, adhabu iliyowashangaza hata wale waliokubali kwamba alikosa. Madereva wenzake walivaa fulana za kumtetea pale Spa, Ubelgiji, na mashabiki wakaandika jina lake barabarani. Rufaa ilimtoa baada ya miezi miwili hivi, akasafiri hadi Japani, akakuta kiti chake kina mtu mwingine. Ukiuangalia msimu wake, Gachot alikuwa mshindi wa Le Mans na mwenye mzunguko wa kasi zaidi Hungary ndani ya miezi miwili. Hakuwahi tena kupata gari zuri kama lile.

Kiti kilipobaki wazi, Mercedes walijitokeza. Walikuwa na kijana wa miaka 22, huyo Schumacher, kwenye timu yao ya magari ya michezo, na walikuwa tayari kulipa ili aonekane. Meneja wake, Willi Weber, aliwahakikishia Jordan kwamba kijana anaijua Spa vizuri, ilhali hakuwa amewahi kushindana pale. Kwenye jaribio la Silverstone siku chache kabla, viongozi wa timu walilazimika kumwamuru apunguze mwendo, kwa sababu gari alilokuwa akilichapa ndilo lililotakiwa kwenda Ubelgiji. Alipofika Spa aliuzunguka uwanja kwa baiskeli kujifunza kona. Jumamosi akapata nafasi ya saba ya kuanzia. De Cesaris, aliyekuwa na gari lile tangu mwanzo, alikuwa wa 11.

Jumapili, Schumacher aliondoka vizuri, akapita kona ya kwanza, akateremka na kuupanda ule mlima wa Eau Rouge, na klachi ikawa imekwisha. Akaegesha gari. Hapo ndipo wasimuliaji wengi hufunga kitabu, na hapo ndipo mbio kubwa kuliko zote za Jordan 191 zilipokuwa zinaanza.

Spa ni uwanja wa karibu kilomita saba msituni, wenye milima na sehemu ndefu za kukanyaga mafuta hadi mwisho, mahali ambapo injini dhaifu huumbuka. Prost alitoka mapema. Mansell akazimikiwa na umeme wa gari. Alesi, aliyekuwa anaongoza, injini ya Ferrari ikamfia. Senna akashika uongozi huku giaboksi ikimsumbua, gia nyingine zikikataa kuingia. Na nyuma, kutoka nafasi ya 11, De Cesaris alikuwa anapanda. Yule mtu wa kugongagonga, akiwa na gari la kijani peke yake uwanjani, aliendesha bila kosa. Alifika nafasi ya pili. Akaanza kumpunguza Senna, sekunde hadi sekunde, mzunguko hadi mzunguko, na kwenye ukuta wa maegesho watu wa Jordan, ambao miezi mitano iliyopita walikuwa wakiomba tu wapite mchujo, walikuwa wanapiga hesabu za kushinda mbio.

Ilibaki mizunguko mitatu. Injini ikachemka, ikasimama.

Anderson amesimulia baadaye sababu yake. Kwa Spa walikuwa wameletewa na Cosworth injini zilizoboreshwa, na mabadiliko ya ndani yalizifanya zitumie oili zaidi kuliko zile za awali. Timu haikuwa imeambiwa. Tenki la oili lilikuwa na ukubwa uleule uliotosha tangu Phoenix, na katika mizunguko 41 ya mwendo wa Spa likaishiwa. Hapo ndipo udogo wa timu unapouma. Mshirika rasmi hukaa na waundaji wa injini, hupata taarifa mezani pamoja nao. Mteja hupokea sanduku na ankara. Lita chache za oili na sentensi moja ya tahadhari zilitosha kumpa De Cesaris angalau nafasi ya pili, ambayo wakati ule ilikuwa na pointi sita. Aliandikwa wa 13.

Kabla ya mbio zilizofuata, Monza, Schumacher alikuwa ameshachukuliwa na Benetton. Jordan alikimbilia mahakamani London, akashindwa. Aliyefukuzwa Benetton kumpisha kijana ni Roberto Moreno wa Brazil, ambaye pale Spa alikuwa amemaliza wa nne na kuweka mzunguko wa kasi kuliko yote. Akawekwa kando hata wiki mbili hazijapita. Moreno naye alikwenda mahakamani, Milan, akasikilizwa, na baada ya majadiliano marefu ya usiku katika hoteli kando ya Ziwa Como alilipwa akakubali kuhamia Jordan kwa mbio mbili. Baada yake kiti kilikwenda kwa Alessandro Zanardi. Gari lile lilipitia mikono ya madereva watano ndani ya msimu mmoja, na baada ya mbio za Ujerumani halikupata pointi nyingine. De Cesaris aliendelea kulifikisha mwisho: wa saba Monza, wa nane Ureno, wa nane Adelaide.

Jedwali la mwisho la timu lilikuwa hivi: McLaren 139, Williams 125, Ferrari 55.5, Benetton 38.5. Wa tano Jordan, pointi 13. Wa sita Tyrrell, pointi 12, timu kongwe yenye injini ya Honda ya silinda 10. Pointi tisa kati ya zile 13 zilikuwa za De Cesaris, mtu waliyesema anapewa gari kwa ajili ya fedha zake. Lotus, iliyowahi kutawala mchezo, ilikuwa na tatu. Ligier haikuwa na kitu.

Mafanikio hayo yalimwacha Jordan na deni zito kwa Cosworth. Yamaha wakajitokeza na injini ya silinda 12 isiyolipiwa, naye akaichukua, kwani bila hivyo timu ilikuwa inafungwa. Ilikuwa nzito na ilichemka, na Anderson alilazimika kulisuka gari jipya kuizunguka. Jordan alimwajiri Modena kutoka Tyrrell. De Cesaris akaenda Tyrrell. Mwaka 1992 De Cesaris alipata pointi nane huko. Jordan nzima ilipata moja, mbio za mwisho za msimu.

Timu ilipona, ikashinda mbio zake za kwanza mwaka 1998, hapohapo Spa, ikauzwa mwaka 2005, na baada ya kubadili majina mara kadhaa ndiyo inayoitwa leo Aston Martin, bado ikiwa Silverstone; Andrew Green alikuja kuwa mkuu wake wa ufundi kwa miaka mingi. De Cesaris alifariki kwa ajali ya pikipiki Roma mwaka 2014, na Eddie Jordan alifariki Cape Town Machi 2025.

Mwaka 1994, dereva mmoja wa Jordan alipofungiwa, Eddie alimpigia simu De Cesaris aje kushika nafasi. Monaco, kwenye barabara nyembamba ambako wanaogonga hawafiki mbali, alimaliza wa nne.